Umeme Kwenye Nyumba Kongwe za Tukuyu: Kuanzia Bati Hadi Ardhini

Tukuyu mvua haina haraka ya kuondoka. Huanza Novemba, hushika kasi Machi na Aprili, na hata mikoa mingine inapokauka, manyunyu na ukungu kutoka upande wa Ziwa Nyasa huendelea kupanda mlima. Kwa mwaka mji huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua, wakati Dodoma hupata takriban 570. Wakazi wa Kawetele, moja ya kata za Tukuyu wilayani Rungwe (si ule mlima Kawetele wa jijini Mbeya uliomeguka Aprili 2024 na kufunika nyumba za Itezi kwa tope), wameshazoea kuanika na kuanua nguo zile zile siku nzima. Maji hayo hayo yanayolea migomba na chai hupenya pia kwenye kuta na dari zilizopitishwa nyaya za umeme, na nyaya nyingi kati ya hizo zina umri mkubwa kuliko wazazi wa watoto wanaowasha taa leo.

Kijitabu hiki kinahusu nyumba zenye nyaya hizo. Ni za matofali ya kuchoma, zina kenchi za mbao na bati lililopakwa rangi mara kadhaa. Nyingine zilijengwa na watumishi wa serikali, nyingine na wakulima wa chai na kahawa mwaka bei ilipokuwa nzuri. Fundi alipozifunga umeme, miaka ya 1970 au 1980, mwenye nyumba alihitaji taa nne, redio na mahali pa kuchomeka pasi. Siku hizi mle mle mna friji, televisheni, birika, chaja kila kona, na hita ya kuchemshia maji ya kuoga, maana baridi ya Tukuyu ya Juni na Julai haina mzaha. Nyaya hazijaguswa. Kilichoongezwa, mara nyingi, ni dari la jipsamu na taa za urembo.

Fedha za ukarabati huenda kwanza kwenye kile ambacho wageni watakisifia. Kwa nyumba ya zamani iliyo kwenye njia ya dhoruba, utaratibu huo umekaa kichwa chini miguu juu. Mwenye akiba ndogo aanze na sehemu tatu ambazo hakuna mgeni atakayeziuliza: pale umeme unapoingilia nyumbani, pale unapokatwa mambo yakiharibika, na pale unapozama ardhini.

Waya unaosugua bati

Kutoka kwenye nguzo umeme huja kwa waya wa juu unaoitwa sevisi laini. Kwenye nyumba iliyofungwa vizuri, waya huo hushikwa kwa klampu, huachiwa mkunjo unaoning'inia kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje, kisha hupitishwa kwenye bomba la plastiki hadi kwenye mita. Kwenye nyumba kongwe, klampu imelegea au ubao ulioishika umeoza. Kila upepo unapovuma waya unakwenda na kurudi juu ya ncha ya bati, kama msumeno usio na haraka. Ganda lake limepigwa jua miaka 20, limepauka na kukakamaa, halihitaji kusuguliwa sana. Siku linapotoboka, paa zima linashika umeme.

Paa lenye umeme halitoi sauti. Taa zinawaka kama kawaida, mita ya LUKU inasoma kama kawaida. Mama anatoka mbio kuanua nguo mvua inapoanza. Kamba yake ni ule waya mwembamba wa kufungia nondo, ncha moja imefungwa kwenye kenchi iliyogusana na bati, nyingine kwenye mparachichi. Nguo zimelowa, nyasi zimelowa, naye yuko peku. Akishika kamba, misuli ya mkono inakaza na vidole havifunguki tena. Mtoto anayekimbilia kumvuta anaungana naye. Ndiyo maana ajali ya kamba ya nguo mara nyingi haichukui mtu mmoja.

Dawa yake ni rahisi kuliko zote zilizomo humu: kamba ya katani au ya nailoni, ifungwe kwenye miti miwili iliyochimbiwa mbali na nyumba.

Dalili nazo zipo, ila watu wamezizoea. Mtu anashika mlango wa chuma, bomba la maji au friji, anasikia ganzi au kutekenywa, anasema "kuna kashoti kadogo hapa" na maisha yanaendelea. Kashoti hako ni taarifa kwamba umeme umeshatoka njiani. Wakati wa kiangazi, mtu akiwa amevaa viatu vikavu, unamtekenya tu. Aprili, sakafu ikiwa na maji, waya ule ule unaua.

Jambo moja hapa huwaponyoka hata watu makini. Sevisi laini iko kabla ya meni swichi, kwa hiyo kuzima meni swichi hakuondoi umeme kwenye bati lililosuguliwa na waya wa nje. Kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ni kazi ya TANESCO, na kituo chake cha huduma kwa wateja hupatikana kwa namba 180. Kuanzia mita kuingia ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Kijana wa mtaani anayepanda paa na solotepu nyeusi mkononi anagusa sehemu ambayo hakuna swichi yoyote ndani ya nyumba inayoweza kuizima.

Miti inahitaji neno lake pia, kwa kuwa Rungwe kila kitu huota kwa fujo. Jani la mgomba lililolowa likigusa waya uliochubuka hupitisha umeme, na mkaratusi uliopandwa kama uzio hufikia nyaya za juu kabla mwenyewe hajashtuka. Matawi ambayo bado yako mbali na waya yapunguzwe Septemba au Oktoba. Yaliyokwisha kuufikia yaachiwe wenye vifaa vyao.

Ethi iliyokufa

Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na ethi. Fundi alizika fimbo ya chuma iliyopakwa shaba nyuma ya jiko, akaunganisha waya, akaondoka. Tangu hapo kiungo kimeliwa na kutu, au baraza limeongezwa na saruji ikamwagwa juu yake, au mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mchana watu wakiwa shambani. Nyumba haikuzimika, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Kazi ya ethi ni kuupa umeme uliopotea njia njia nyepesi ya kufika ardhini, kabla haujapata njia ya kupitia mwili wa mtu. Waya wa moto ukichubuka ndani ya friji na kugusa bodi yake ya chuma, ethi nzuri huupa umeme huo njia ya kwenda ardhini, na ukiwa mwingi vya kutosha fyuzi au breka hukata. Ethi ikifa, bodi ya friji hukaa na umeme wake ikimsubiri atakayefungua mlango.

Soketi yenye matundu matatu si ushahidi wa chochote. Katika nyumba iliyofungwa nyaya mbili tu, tundu la juu huwa tupu kwa ndani. Wapo hata mafundi wanaolifunga pamoja na nyutro ili testa isome vizuri, na huo ni mtego kabisa: nyutro ikikatika, mwili wa kila kifaa kilichochomekwa pale unakuwa na umeme.

Ethi hupimwa kwa kifaa maalumu kinachosoma omu. Testa ya bisibisi haina uwezo huo. Mafundi wengi pia hujaza shimo la ethi mkaa na chumvi ili udongo upitishe umeme vizuri zaidi, desturi yenye maana katika ardhi kavu. Udongo wa volkano wa Kawetele una unyevu wake sehemu kubwa ya mwaka. Chumvi hapo inasaidia kidogo na inakula chuma haraka, kwa hiyo fimbo ndefu iliyozama vizuri, yenye klampu ya shaba inayoweza kufikiwa na kukaguliwa, ni matumizi bora ya fedha ile ile.

Hata hivyo ethi peke yake haitoshi, na hapa ndipo kinapoingia kifaa ambacho, kama mwenye nyumba ana uwezo wa kununua kimoja tu, anunue hicho: RCD, ambayo mafundi wa zamani bado huiita ELCB. Hufungwa kwenye ubao wa breka. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na ukipungua kwa miliampia 30, maana yake unavujia mahali, hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Balbu ya kizamani ya wati 60 hutumia karibu miliampia 260, na umeme mdogo kuliko huo unatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Breka ya kawaida ya ampia 20 haioni kitu hapo. Mtu anaweza kufa ameshika waya na breka isishtuke, kwa kuwa imewekwa kulinda waya usiungue.

Hita ya ndoo ndiyo inayoonyesha tofauti hiyo kwa ukatili zaidi. Ni koili inayozamishwa kwenye ndoo ya maji, mara nyingi bafuni, mara nyingi alfajiri. Ganda la koili likipasuka, maji yanashika umeme. Anayeingiza kidole kupima kama yamechemka, bila kuchomoa, anategemea RCD ambayo nyumba yake pengine haina. Kuchomoa kwanza na kupima baadaye hakuna gharama.

RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya miezi michache; RCD isipokata, imekufa. Nayo ikianza kukata kila mvua inaponyesha, kuna maji yanaingia kwenye soketi au kiungo fulani, na fundi anayeishauri familia iondoe "kwa sababu inasumbua" afukuzwe kwa heshima zote.

Msumari kwenye fyuzi, na jiko la presha

Bado zipo nyumba zenye fyuzi za kigae, zile zinazofungwa uzi mwembamba wa waya. Usiku fyuzi inaungua, duka limefungwa, mpira unaendelea kwenye televisheni. Mtu anachomoa nyuzi tatu za shaba kwenye waya wa redio mbovu na kuzifunga, au anaweka msumari. Umeme unarudi na wote wanashangilia. Kuanzia dakika hiyo sehemu dhaifu kuliko zote si fyuzi tena, ni waya uliolala juu ya dari la mbao, katikati ya vumbi na viota vya panya, na panya wenyewe hupenda kutafuna ganda la waya.

Mzigo nao unaongezeka kwa sababu njema. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na majiko ya umeme ni sehemu ya safari hiyo. Jiko la presha la wati 1,000 likiwa peke yake halimshtui mtu. Tatizo ni pale linapochomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000. Jumla ni wati 4,000, zaidi ya ampia 17, zinazopita kwenye plagi iliyotengenezwa kwa ampia 13. Plagi inapata joto, plastiki inanuka, tundu la soketi linakuwa jeusi. Nyuma ya soketi hiyo, katika nyumba ya zamani, yawezekana kuna waya wa milimita 1.5 za mraba, wa kuwashia taa, ambao fundi aliurefusha mwaka fulani kwa sababu ndio uliokuwepo. Soketi zinahitaji milimita 2.5, na jiko kubwa lenye oveni linahitaji waya wake lenyewe, mnene zaidi, na breka yake.

Rangi za nyaya ni mtihani mwingine. Zamani nyekundu ilikuwa ya moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Mfumo mpya unatumia kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano, na kwenye nyaya za fezi tatu nyeusi inaweza kuwa ya moto. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili ina mifumo yote miwili ukutani. Fundi anayeamini rangi bila kupima, fundi huyo asipewe bisibisi.

Umeme unapokatika, na unaporudi

Dhoruba ikiangusha tawi juu ya nyaya, giza ndilo jambo dogo. Nguzo za mitaani hubeba fezi tatu na nyutro moja inayotumiwa na nyumba nyingi. Nyutro hiyo ikikatika na fezi zikabaki, nyumba zinaanza kugawana umeme kwa fujo: badala ya volti 230, nyingine hupata volti chache, nyingine hukaribia 400. Ishara yake inajulikana kwa macho. Taa za nyumba moja zinawaka kwa ukali usio wa kawaida na za jirani zinafifia. Anayeona hivyo ana sekunde chache za kufika kwenye meni swichi. Akienda kwanza kuangalia kama kwa jirani nako kuko hivyo, friji na televisheni ndivyo vitakavyolipia safari hiyo.

Kurudi kwa umeme nako kuna kishindo chake, hasa baada ya kukatika kwa eneo kubwa kama gridi ya taifa ilipozimika tarehe 1 Aprili 2024. Busara ni kuchomoa vifaa vyote, kuacha taa moja imewashwa, na kusubiri dakika kadhaa umeme utulie. Frijigadi, kile kifaa kinachochelewesha umeme kufika kwenye friji na kukata volti zikipanda au kushuka mno, hufanya kazi hiyo pasipo mtu kuamka usiku.

Waya ulioanguka chini hauguswi, hausogezwi kwa fimbo, haukanyagwi hata kama nyumba zote ziko gizani, maana umeme unaweza kurudishwa wakati wowote. Watoto na ng'ombe wakae angalau hatua 10 kubwa kutoka hapo. Jenereta, kwa wenye nayo, iunganishwe kupitia swichi ya chenji ova. Ule waya wenye plagi kila upande, unaochomekwa kwenye soketi ili "kulisha" nyumba, hupeleka umeme hadi kwenye nguzo ambako kuna mtu anayetengeneza akidhani laini imekufa.

Na mshumaa? Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, ilipoteza wasichana wapatao 40 kwa moto wa bweni Juni 1994. Idodi, mkoani Iringa, ilipoteza wasichana 12 Agosti 2009. Katika visa vyote viwili mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Taa ya kuchaji kwa jua haiangushwi na paka ikaunguza pazia.

Radi

Nyanda hizi za juu zina radi nyingi, na watu wana majibu yao: kufunika kioo, kuvua nguo nyekundu, kunyamaza. Kufunika kioo hakuna ubaya, ila hakuzuii kitu. Kinachosaidia ni kuwa ndani ya jengo imara, mbali na mabomba, madirisha ya chuma na vifaa vilivyochomekwa. Muungurumo ukisikika chini ya sekunde 30 baada ya mmweko, radi iko ndani ya kilomita 10, na wanaojikinga wangoje nusu saa baada ya muungurumo wa mwisho.

Jengo la bati au darasa lisilo na kinga si salama kwa sababu tu lina paa. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita, na kujeruhi makumi. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kusali chini ya kibanda cha mabati. Wafugaji wa Rungwe wanajua upande mwingine wa jambo hili: ng'ombe waliosimama chini ya mti hufa pamoja, kwa kuwa umeme unaotambaa ardhini hupanda mguu wa mbele na kutokea wa nyuma. Aliyepigwa na radi, kinyume na inavyohofiwa, habaki na umeme mwilini. Anaweza kushikwa mara moja, na kukandamizwa kifua kwa nguvu na haraka kama hapumui.

Radi haihitaji kupiga nyumba ili iiharibu. Ikipiga nguzo mbali, mshindo wa umeme husafiri na waya hadi kwenye king'amuzi. Kifaa cha kuzuia mshindo huo, kinachofungwa kwenye ubao wa breka, huusukumia ardhini. Kwenye nyumba ambayo ethi yake imekufa hakina pa kuusukumia, na duka lililokiuza halitamwambia mteja hivyo.

Fundi na karatasi yake

Januari 2022 kuunganishiwa umeme kijijini kuligharimu shilingi 27,000 kwa njia moja, bei iliyofungua milango mingi. Wayaringi ya ndani haikuwamo katika bei hiyo, na hapo ndipo watu hubana matumizi kwa kumwita yeyote mwenye koleo. Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya wayaringi ni ya fundi mwenye leseni ya mdhibiti wa nishati, EWURA. Kusoma VETA ni mwanzo mzuri, ila leseni ni kitu kingine, nayo ina namba inayoweza kuulizwa kabla ya kazi kuanza.

Fedha ikiwa ndogo, kazi igawanywe. Msimu wa kwanza klampu ya sevisi laini, ethi na RCD. Msimu unaofuata ubao mpya wa breka na nyaya za jikoni, na baada ya hapo vyumba. Uingereza, ambako nyumba kongwe ni nyingi na mvua si haba, hushauri nyumba ya kuishi mwenyewe ikaguliwe kila baada ya miaka 10. Kwa unyevu wa Tukuyu, miaka 5 haitakuwa kupita kiasi.

Kazi ikiisha, fundi aandike vipimo na kuviacha ndani ya kifuniko cha ubao wa breka: ethi ina omu ngapi, RCD ilikata kwa milisekunde ngapi, na ganda la nyaya lina megaomu ngapi lilipopimwa kwa volti 500. Kipimo hicho cha mwisho kikiwa chini ya megaomu 1, waya huo haufai kurudishiwa umeme, hata kama taa yake inawaka.